Wiki kumi na moja nikihesabu pafu zangu za vepu: kifaa kinajua ngapi, hakijui lini wala kwa nini

DerevaKaskazini (mleta uzi), Arusha

Wakuu, heshima kwenu wote. Uzi ni mrefu, mwenye haraka anisamehe. Mwaka jana nilitafuta mtu aliyewahi kupima uvutaji wake wa vepu (sigara ya umeme) kwa programu, pafu kwa pafu yaani kila mvuto, akaeleza kwa Kiswahili, sikumpata. Basi naandika mimi, labda kuna mwenzangu anatafuta kama nilivyotafuta.

Mimi ni dereva wa watalii, naishi Sakina. Sigara nilianza nikiwa na miaka 19. Miaka minne iliyopita nikaiacha, nikahamia sigara ya umeme. Nyumbani walifurahi, harufu ikatoka kwenye nguo, kile kikohozi cha alfajiri kikapungua, na mimi nikaona nimeshinda. Kumbe kuna kitu sigara inacho na vepu haina. Sigara ina mwisho. Unawasha, inaungua, inafika kwenye kichungi, unazima. Ukitaka nyingine lazima utoe pakiti, na ukiitoa unaona zimebaki saba. Vepu iko mfukoni. Unavuta pafu mbili unarudisha, dakika tano nyingine tatu, na hakuna kichungi kinachokwambia umemaliza. Mke wangu akaniuliza siku moja, "Kwani kwa siku unavuta mara ngapi?" Nikamjibu bila kusita: themanini, zikizidi sana mia.

Kifaa nilichonacho nilipewa na mgeni Mwingereza mwisho wa safari. Ndani kina bodi ya Evolv DNA, ile saketi inayokiendesha, na bodi hizo zina programu yake ya kompyuta inayoitwa EScribe. Unachomeka waya wa USB kwenye laptopu ya Windows, unafungua programu, inakuonyesha idadi ya pafu na wastani wa sekunde kwa kila pafu. Kifaa nilikuwa nacho zaidi ya mwaka na sikuwahi kukichomeka popote ila kwenye chaji.

Jioni moja nikakichomeka, nikaandika namba iliyokuwepo, kesho yake usiku saa kama hiyohiyo nikachomeka tena. Laptopu ilikuwa juu ya meza ya jikoni, mke wangu upande wa pili anachambua maharage kwenye ungo. Nikatoa hesabu kwa simu mara mbili kwa sababu sikuamini. Pafu 312. Nikamsomea. Aliacha kuchambua, akaweka mkono juu ya maharage, akaniangalia tu. Hakusema neno, na mimi sikuwa na la kusema.

Nikapata wazo la pili. Kwenye simu kuna programu za kuhesabu chochote, unabonyeza kitufe kimoja inaandika tarehe na saa. Nikaamua kila pafu nibonyeze. Siku ya kwanza simu ikasema 190, kifaa kikasema 309. Nikadhani nimesahau kwa uzembe, kesho yake nikakaza, ikawa karibu vilevile. Wakuu, hizo zaidi ya mia zilizokosekana kwenye simu ndizo zilizonishtua kuliko zile mia tatu. Sikuzificha. Nilizivuta bila kujua kwamba navuta. Mkono ulikwenda mfukoni ukarudi, kichwa kiko kwingine.

Kitufe nikakiacha, nikatumia njia ya kazini. Sisi madereva tunaandika kilomita: gari limetoka na ngapi, limefika na ngapi. Kwenye kioo cha kifaa changu namba ya pafu inaonekana, kwa hiyo nikaanza kuisoma kama ninavyosoma kilomita, kila ninapotoka sehemu na kila ninapofika. Siku moja ya Ngorongoro ilikuwa hivi. Kuamka mpaka kutoka nyumbani, pafu 38. Kuchukua wageni hotelini mpaka Mto wa Mbu, sifuri. Mto wa Mbu, wageni wakiwa dukani kwenye vinyago, 31. Geti la Loduare la kuingilia Ngorongoro, foleni ya karatasi, 64. Kushuka kreta mpaka kupanda, sifuri. Karatu jioni baada ya kuwaacha wageni lodji mpaka nalala, 165. Jumla 298.

Ziangalieni hizo sifuri. Zaidi ya saa tano kreta bila pafu hata moja na sikuteseka. Nilikuwa natafuta faru kwa darubini, namweleza mgeni habari za ndege korongo, sikuikumbuka vepu kabisa. Miaka yote nilikuwa nasema navuta kwa sababu ya kazi, barabara ndefu, uchovu. Si kweli. Navuta nikisubiri. Geti, hoteli, uwanja wa ndege wa KIA ndege ikichelewa. Hilo nisingelijua kwa namba ya jumla pekee, kwa sababu kifaa kinajua ngapi tu. Lini na kwa nini lazima uandike mwenyewe.

Nitaendelea chini, kuna kosa kubwa nililofanya wiki ya tatu. Karibuni wenye uzoefu.

---

FundiSimu_Soweto, Moshi

Mkuu hongera, uzi umeshiba. Niongezee upande wa ufundi maana watu wengi wananiuliza dukani.

Zile zisizo na kitufe, ukivuta tu zinawaka, ndani zina kihisi kidogo cha hewa. Ukivuta, msukumo wa hewa unashuka, kihisi kinaunganisha umeme, koili (kijiwaya kinachochemsha juisi) inapata moto, na kwa zile zenye akili kidogo kihesabio kinaongeza moja. Hapo ndipo shida ilipo. Pafu ya nusu sekunde na pafu ya sekunde nne zote zinaandikwa moja. Kwa hiyo mtu asilinganishe pafu zake na za jirani kama vyombo vyao tofauti. Na zile za kutupa zilizoandikwa "pafu 600", hiyo namba hutokana na mashine inayovuta kwa kipimo kimoja, siyo na mtu aliyekaa kijiweni. Ukivuta ndefu hutafika 600.

Jambo hili siyo geni pia. Joyetech walitoa eVic zaidi ya miaka kumi iliyopita, nayo ilikuwa inachomekwa kwenye kompyuta inaonyesha historia ya uvutaji. Na kwa wenye iPhone msihangaike kutafuta programu za vepu kwenye duka la Apple. Novemba 2019 waliziondoa zote zilizokuwemo, 181. Tumia programu ya kawaida ya kuhesabu tabia, au jedwali, kazi ni ileile.

Swali: juisi yako, yaani kile kimiminika chenye nikotini, ni ya nguvu gani? Bila hiyo pafu 312 hazisemi kitu.

---

DerevaKaskazini (mleta uzi)

Fundi umegonga palepale. Kosa langu la wiki ya tatu ndilo hilo.

Nilikuwa natumia juisi ya miligramu 12 kwa mililita, na kwa siku nilikuwa natumia mililita 4. Nilijua kwa kuweka alama ya kalamu kwenye chupa kila usiku. Sasa nikasema nipunguze kwa busara, nikanunua ya miligramu 6. Nusu ya nguvu, nusu ya nikotini, ndivyo nilivyopiga hesabu.

Siku ya tano kwenye hiyo ya 6 nikachomeka laptopu. Pafu 430. Na wastani wa kila pafu, uliokuwa sekunde 2.6, umepanda mpaka 3.4. Chupa imeshuka mililita 7 kwa siku hiyo. Zidisheni wenyewe: 4 mara 12 ni 48, 7 mara 6 ni 42. Yaani nimepunguza miligramu sita tu, huku mapafu yangu yakipokea karibu mara mbili ya mvuke ule. Nikajisikia mjinga sana, halafu nikasoma nikakuta siko peke yangu. Kuna mtafiti anaitwa Lynne Dawkins wa London South Bank University, yeye na wenzake waliwapa wavutaji juisi ya 24 na ya 6, wakaona kwenye ile ya 6 watu wanavuta zaidi na kwa muda mrefu zaidi. Mwili unadai deni lake.

Bila programu ningekuwa mpaka leo nimeridhika na kibandiko cha chupa kilichoandikwa 6.

---

MamaFamasi_Rau, Moshi

Habari zenu wanangu. Nipo kwenye famasi miaka mingi, nimesoma uzi wote na nimeona niseme mawili matatu.

Kwanza, nikotini haikai sana mwilini. Baada ya kama saa mbili nusu ya ile iliyokuwa kwenye damu imeondoka, saa mbili nyingine nusu ya iliyobaki. Ukilala kwa muda wa saa saba, unaamka nikotini iliyobaki kwenye damu ni kidogo sana, ndiyo maana pafu ya asubuhi ina nguvu kuliko zote. Wataalamu wana kipimo cha utegemezi kilichochapishwa 1991, kinaitwa kwa jina la Fagerström, na swali lake la kwanza siyo "unavuta ngapi". Ni hili: baada ya kuamka, unakaa dakika ngapi kabla ya kuvuta ya kwanza? Ndani ya dakika tano ni alama tatu. Kuanzia sita mpaka thelathini ni mbili. Zaidi ya saa nzima ni sifuri. Mwanangu, hizo 38 kabla hujatoka nyumbani ndizo ningezitazama mimi. Hiyo dakika ya kwanza umeiandika?

Pili, nawaomba sana. Chupa ya juisi iwekwe juu, ifungwe. Ina harufu ya matunda na mtoto hajui. Mtoto mdogo akiinywa inaweza kumuua. Nimeona mtu anaiweka kwenye droo ya vijiko.

Tatu, msiseme vepu ni salama kwa sababu haina majivu. Kwa mvutaji wa sigara aliyehama moja kwa moja, sumu nyingi za moshi wa tumbaku zimepungua. Kwa asiyevuta kitu, hana sababu ya kuianza hata siku moja.

---

DerevaKaskazini (mleta uzi)

Shikamoo mama. Swali lako limenifanya nirudi kwenye daftari sasa hivi. Sikuwa nimeiandika dakika ya kwanza, ila najua jibu na linaniumiza. Nilikuwa naivuta kabla sijakaa kitandani. Ilikuwa chini ya mto, pamoja na simu.

Chupa ilikuwa kwenye dashibodi ya gari la kazi, na gari hilohilo Jumapili linabeba wanangu wawili. Nimeitoa. Asante sana mama.

---

Mwl_Pasua, Moshi

Ndugu mleta uzi, nashukuru. Mimi nina kijana wangu wa miaka 17, nimeikuta vepu kwenye begi. Nilikuwa nataka mnisaidie programu ya kuiweka kwenye simu yake bila yeye kujua, nione anavuta mara ngapi na akiwa wapi. Nisaidieni wakuu, silali.

---

MamaFamasi_Rau, Moshi

Mwalimu pole, najua hofu yako, nami ni mzazi. Lakini huo mtego usiuweke. Siku akijua, na atajua, utakuwa umepoteza mtoto na namba zako mkononi. Kaa naye. Muulize swali lile la asubuhi, anakaa dakika ngapi. Angalia na kibandiko cha ile uliyoikuta: ikiwa imeandikwa asilimia 5 maana yake ni kama miligramu 50 kwa mililita, nyingi mno, na ukimkataza ghafla siku mbili tatu za kwanza atakuwa na hasira na kukosa usingizi. Usidhani ni ukorofi. Uje naye famasi au hospitali, tusaidiane.

---

DerevaKaskazini (mleta uzi)

Mwalimu, naungana na mama. Kilichonisaidia mimi ni kwamba namba niliisoma mwenyewe, kwenye meza yangu. Ningeletewa na mtu aliyenipeleleza ningebisha mpaka leo. Mpe kijana daftari na kalamu, aandike mwenyewe wiki moja, usiombe kuliona mpaka akuonyeshe. Nakuombea kwa Mungu.

---

KaloleniBoy, Arusha

Braza mimi nina wasiwasi mwingine. Hizi taarifa zinakwenda wapi? Kampuni ikijua navuta saa ngapi, nikiwa wapi, kesho si itaniuzia saa hiyohiyo?

---

FundiSimu_Soweto, Moshi

Swali zuri sana. Mwaka 2019 Juul, kampuni ya vepu ya Marekani, walileta Uingereza kifaa kilichoitwa C1, kilikuwa kinaunganishwa na simu ya Android kwa Bluetooth. Ulikuwa unaona pafu zako kwenye simu, na kifaa uliweza kukifunga ukiwa mbali nacho. Kilisaidia, lakini fikiria: anayekuuzia juisi ndiye ameshika daftari la kiu yako. Mimi huwa nawaambia wateja watumie kitu ambacho taarifa zinabaki kwenye simu au kompyuta yao. EScribe ya mleta uzi inasomwa kwa waya, haihitaji akaunti ili uone namba. Programu ya simu ikikuomba mahali ulipo na orodha ya majina ili ihesabu pafu, ifute. Hapa kwetu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ipo, inafanya kazi tangu Mei 2023, una haki ya kuuliza taarifa zako zinatumikaje. Lakini kinga ya kwanza ni kutozitoa.

---

MzeeKiborloni, Moshi

Vijana, mimi nilivuta sigara miaka thelathini na moja. Nikaacha siku moja, Ijumaa Kuu, sikuhesabu kitu. Haya mahesabu naona ni njia ya kuendelea kuvuta huku mtu anajiona anafanya kazi. Acheni tu.

---

DerevaKaskazini (mleta uzi)

Shikamoo mzee wangu. Nakuheshimu kwa hilo, siyo jambo dogo. Na hatari unayoisema ni ya kweli, wiki mbili za kwanza nilikuwa napenda grafu kuliko kupunguza. Mimi nilijaribu kuacha siku moja, mara tatu, na mara zote nilirudi nikiwa nasubiri mahali fulani, sikujua kwamba kusubiri ndiko kunakonirudisha. Sasa najua adui anakaa wapi. Lengo ni sifuri mzee, sijalibadilisha.

Nimalizie nilichofanya tangu wiki ya nne. Nilirudi kwenye juisi ya 12, najua wengine mtashangaa. Badala ya kupunguza nguvu nikapunguza sehemu. Nilianza na geti la Loduare. Nikifika pale vepu inabaki kwenye boksi la vifaa nyuma ya gari, chini ya jeki, na ili niichukue lazima nishuke, nifungue mlango wa nyuma, nitoe jeki mbele ya madereva wenzangu. Nikawa nakwenda kwenye foleni na chupa ya maji na karanga. Zile 64 zikawa 9 ndani ya wiki moja, halafu sifuri. Kisha nikahamia asubuhi, nikaitoa chini ya mto nikaiweka kwenye gari usiku. Hiyo ilikuwa ngumu kuliko zote. Siku nne nilikuwa mkali nyumbani, niliwagombeza watoto kwa kikombe kilichomwagika, nikaomba radhi jioni.

Karatu jioni ndiyo bado inanisumbua. Nikiwa peke yangu kwenye chumba cha madereva, kazi imeisha, namba inapanda. Wiki iliyopita wastani wa siku nzima ulikuwa pafu 118, mililita moja na nusu, kwa juisi ya 12 ni miligramu 18. Nilianza na 48. Na wastani wa sekunde umebaki 2.6, haukupanda, hapo ndipo nilipojua safari hii sijidanganyi.

Kwa wenzangu wa safari za kuvuka mpaka, kumbukeni Uganda ilipiga marufuku vitu hivi kwa sheria yake ya tumbaku ya 2015. Usibebe ukadhani ni kama kalamu.

---

KaloleniBoy, Arusha

Braza hebu weka na lile jedwali tulione, nataka nianze Jumatatu.

---

DerevaKaskazini (mleta uzi)

Mdogo wangu jedwali halina ufundi. Safu tano: saa, mahali, namba kwenye kioo, nilikuwa nafanya nini, nilikuwa na nani. Hiyo ya tano niliiongeza baadaye na ndiyo inayonifundisha zaidi sasa. Usiku unatoa namba ya chini kwenye ya juu, unaangalia kilichozidi kimetokea wapi. Chupa nayo alama ya kalamu kila siku kwa saa ileile. Kama chako hakionyeshi namba, tumia chupa na saa tu, inatosha kuanzia. Wiki ya kwanza usipunguze kitu chochote, andika tu jinsi ulivyo.

---

MamaFamasi_Rau, Moshi

Na mstari wa dakika ya kwanza mwanangu, uuongeze juu kabisa ya ukurasa.

---

DerevaKaskazini (mleta uzi)

Nimeuongeza mama. Leo nina wageni wa ndege ya asubuhi. Nimeamka saa kumi na moja kasorobo, vepu ikiwa kwenye gari, nikanywa chai ya rangi jikoni. Nimefika KIA saa kumi na mbili na nusu, ndege imechelewa dakika arobaini, ndiyo napata nafasi ya kuwajibu. Kioo kinasoma namba ileile ya jana usiku. Wageni wanaanza kutoka, nawaacha kidogo.

---

MamaFamasi_Rau, Moshi

Aika mbe, asante mwanangu. Andika sifuri.